Minyoo wa Mtaroni

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa sare ya shule, Chapuchapu alipiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha shangazi yake, akavuta kasha la mbao kutoka chini ya meza, na kufunua kitambaa chenye unyevu kilicholifunika. Ndani mlikuwa na udongo mweusi, laini, na juu ya udongo kipande cha kioo. Alipokiinua kioo, minyoo walijikunja kwa kuukimbia mwanga. Walikuwa weupe, wembamba kama uzi wa kushonea, mamia kwa mamia, wamelizunguka tonge dogo la mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Mtu asiyewazoea angetoka mbio. Chapuchapu aliwapangusa kwa brashi ndogo, akawatia kwenye kikombe cha maji, akawapelekea samaki.

Shangazi huyo, dada wa baba yake, alikuwa fundi wa matangi ya samaki. Alikata vioo, akavigandisha, akafunga pampu na taa, halafu akaenda kuyasimamisha matangi hayo kwenye ofisi na hoteli. Nyumbani, katika chumba chake cha nyuma, alikuwa na matangi matano ya kwake mwenyewe. Humo alizalisha samaki wa mapambo: bapa, rangi ya fedha, wenye milia myeusi na mapezi marefu kama shela ya bibi harusi. Tangi la tano lilikuwa la vifaranga. Walikuwa arobaini na watatu, kila mmoja ukubwa wa ukucha.

"Hawa wanataka chakula kinachojinyonganyonga," shangazi alipenda kusema. "Ukiwapa cha kopo tu kila siku, ni kama wewe kula makombo ya biskuti mwaka mzima. Utashiba, lakini hutakua."

Chapuchapu alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu alifanya kila kitu mbiombio. Hata mswaki alipiga huku anafunga viatu. Mdogo wake wa miaka minne aliitwa Puto, kwa ajili ya mashavu yake yaliyojaa. Puto alimfuata dada yake kama mkia, na kila asubuhi aliibandika pua yake kwenye tangi la tano na kuwaamkia vifaranga: "Hamjambo, watoto?"

Alhamisi moja shangazi aliitwa kufunga tangi kubwa katika hoteli ya mji mwingine. Ilikuwa kazi ya siku kumi. Kabla ya kuondoka alimkalisha Chapuchapu karibu na kasha.

"Nisikilize vizuri, mwanangu. Mkate kidogo tu, kama kidole gumba. Usiongeze mpaka ule wa kwanza umekwisha. Udongo ukianza kukauka, nyunyizia maji kwa vidole. Vifaranga wanakula mara mbili kwa siku. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Na minyoo wakipungua? Yule rafiki yangu Redio anasema mtaroni, nyuma ya soko, wamejaa wekundu."

"Wa mtaroni waache huko huko mtaroni," shangazi alisema. "Mtaro ule unapitisha kila uchafu wa mji huu. Ndiyo maana nafuga wangu hapa nyumbani, kwenye udongo ninaoujua. Ukipata tatizo lolote, nipigie simu."

"Sawa, shangazi."

"Lolote, nimesema."

Siku nne za kwanza mambo yalikwenda sawasawa. Jumatatu shule ilianza mazoezi ya mbio za kupokezana vijiti, na Chapuchapu ndiye aliyechaguliwa kumalizia. Alitakiwa kufika uwanjani kabla ya kengele. Asubuhi hiyo alilitazama tonge dogo la mkate kiganjani mwake, akatazama saa ukutani, akawaza: kwa nini nihangaike na vitonge kila siku? Nikiweka mwingi mara moja, watakula wiki nzima. Akachukua nusu mkate, akaumwagia maziwa, akausukumia wote kwenye udongo. Akafunika. Akakimbia.

Jumanne alichota minyoo wachache pembeni bila kufunua kasha lote. Alisikia harufu kidogo, lakini viatu vilikuwa tayari mguuni.

Jumatano alipofunua kitambaa, harufu ilimpiga usoni kama kofi. Mkate ulikuwa umeota ukungu wa kijani na mweusi. Maziwa yalikuwa yameganda na kuchachuka, na udongo wote umegeuka tope. Aliinua kioo. Minyoo walikuwa wamejifunga mafundo mafundo, wamelegea, hakuna aliyejikunja kuukimbia mwanga. Alichimba kwa kijiko upande huu na upande ule. Wote walikuwa wamekufa.

Nyuma yake vifaranga arobaini na watatu walikuwa wamejipanga kwenye kioo, wanafungua na kufunga midomo.

"Hamjambo, watoto?" Puto aliwaamkia. Kisha akaziba pua. "Dada, kuna nini kinanuka?"

"Hakuna kitu. Toka nje."

Siku ile shuleni hakusikia somo hata moja. Uwanjani kijiti kilimponyoka mara mbili. Redio, msichana aliyekaa naye dawati moja na ambaye mdomo wake haukuwahi kuzimwa, alimvuta pembeni.

"Una nini leo? Umekaa kama mtu aliyemeza jiwe."

Chapuchapu alimweleza.

"Basi mpigie shangazi yako."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba nimewaua?" Machozi yalimlenga. "Alinieleza mara mbili, Redio. Mara mbili! Hataniamini tena hata kushika kikombe."

Redio alifikiri. "Kama ni hivyo, twende mtaroni. Vifaranga wanataka minyoo, si ndiyo? Mnyoo ni mnyoo."

Chapuchapu alisita. Maneno ya shangazi aliyakumbuka vizuri sana. Lakini alikumbuka pia ile midomo midogo iliyokuwa ikifunguka na kufungika, na hofu moja ikaishinda nyingine.

Mtaro ulipita nyuma ya soko, chini ya mabomba ya maji machafu ya nyumba za jirani. Maji yake yalikuwa ya kijivu na yalinuka. Kwenye tope la ukingoni minyoo wekundu walikuwa wamesimama wima kama nywele, wanayumbayumba. Redio alisimama mbali ameshika pua. Chapuchapu alichota tope kwa kopo, akalifunika kwa daftari, akarudi nyumbani akipitia uchochoro wa nyuma.

Tatizo lilikuwa kuwasafisha. Wavu wa shangazi ulikuwa na matundu makubwa, minyoo walipenya. Akanyemelea jikoni. Kwenye msumari ukutani lilining'inia chujio, lile lile ambalo mama alichujia chai na bibi alichujia maji ya machungwa. Chapuchapu alitazama mlangoni, akalitungua, akaenda nalo bombani uani. Tope jeusi lilitiririka, wakabaki minyoo, donge jekundu linalotambaa. Kisha akalisuuza chujio, akalirudisha msumarini.

Alipogeuka, Puto alikuwa amesimama mlangoni, ametumbua macho.

"Umeosha nini, dada?"

"Nimeosha chujio tu. Usimwambie mama, sawa? Ni siri yetu."

Puto aliweka kidole mdomoni, akafurahi kupewa siri.

Vifaranga walikula kwa pupa. Chapuchapu alishusha pumzi. Jioni, kabla hajamaliza kazi ya shule, mama alimwita akiwa na simu mkononi.

"Shangazi yako anataka kuongea nawe."

Simu ilikuwa nzito kama tofali.

"Vipi, meneja wangu?" sauti ya shangazi ilicheka. "Minyoo wanaendeleaje?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Alifungua mdomo.

"Wazima, shangazi. Wamejaa tele."

"Na vifaranga?"

"Wanakula vizuri."

Hilo la pili lilikuwa kweli, akajaribu kujifariji nalo. Hakufarijika.

Alhamisi alikwenda tena mtaroni. Ijumaa pia. Siku hiyo ya Ijumaa mama alirudi mapema kutoka kazini, na Chapuchapu aliposikia lango linafunguka, alilikung'uta chujio mara mbili tu, akalitundika likiwa bado linachuruzika. Saa moja baadaye bibi aliingia jikoni na machungwa yake. Bibi, baba na mama walipenda chai ya moto. Maji ya machungwa yalikuwa ya Puto peke yake.

Jumamosi alfajiri Chapuchapu aliamshwa na kilio. Puto alikuwa amejikunja kitandani, anashika tumbo. Alitapika kwenye shuka, akatapika kwenye beseni, halafu akaanza kuhara. Mama alibadilisha nguo mara tatu, mara nne, akaacha kuhesabu. Kufika saa mbili mtoto alikuwa amelegea, midomo imekauka, na yale mashavu yaliyompa jina yalikuwa yameingia ndani.

"Chukua mfuko wa nguo," mama alimwambia Chapuchapu huku akimfunga Puto mgongoni. "Tunakwenda hospitali. Baba yako yuko zamu kiwandani, bibi abaki na nyumba. Upesi!"

Kwa mara ya kwanza maishani Chapuchapu hakuweza kwenda upesi. Picha moja haikumtoka kichwani: picha ya kitabu cha sayansi, ya minyoo waliojaa kwenye utumbo wa mtu. Aliwaona wale wekundu wakiwa ndani ya tumbo la mdogo wake, wamesimama wima, wanayumbayumba.

Hospitalini walilazwa katika wodi ya watoto, kitanda cha dirishani. Nesi alimtundikia Puto dripu. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpima homa, akamfinya ngozi ya tumbo, akaangalia jinsi ilivyochelewa kurudi.

"Maji mmekunywa ya wapi?" alimuuliza mama.

"Tunachemsha, daktari. Kila siku."

"Amekula chakula cha barabarani?"

"Hapana. Huyu hatoki nje ya lango."

"Malaria tumepima, hana." Daktari aliandika kitu, kisha akamgeukia Chapuchapu. "Na wewe, dada mtu? Watoto huwa wanaonana. Umemwona akila au akinywa kitu chochote?"

Mama na nesi walimgeukia pia. Chapuchapu aliangalia vidole vya miguu yake.

"Hapana," alisema.

Daktari alimtazama kidogo zaidi ya inavyohitajika. "Haya. Ukikumbuka, niko chumba kile pale."

Saa zilikwenda polepole kama kobe. Dripu ilidondoka tone kwa tone. Puto alihara tena, akatapika tena, mara akawa hafungui macho hata akiitwa. Kila mama alipomwita, "Puto! Puto wangu!", sauti yake ilizidi kupanda, na Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Mara tatu aliinuka kuelekea chumba cha daktari. Mara tatu alirudi kukaa. Nikisema, mama atajua ni mimi, aliwaza. Na nisiposema? Wazo hilo hakulimaliza.

Saa sita mchana, wakati wa kutazama wagonjwa, mlango wa wodi ulifunguliwa na bibi akaingia, ana haraka, jasho linamtoka, mkoba begani.

"Yuko wapi mke mwenzangu?" aliuliza, maana hivyo ndivyo alivyomtania mjukuu wake siku zote. Alipomwona, utani ulimfia mdomoni. "Jamani! Ndiyo amekuwa hivi?"

"Hajaweka kitu tumboni tangu asubuhi, mama," mama alisema.

"Nilijua. Nimemletea maji ya machungwa. Nimeyachuja vizuri, hakuna hata nyuzi." Bibi alitoa chupa, akamimina kikombe nusu, akamwinua Puto kichwa kwa mkono. "Kunywa, mama. Kunywa kidogo upate nguvu."

Puto alifumbua macho. Akaona kikombe cha maji anayoyapenda. Akafungua mdomo.

"ASINYWE!"

Wodi nzima iligeuka. Chapuchapu alikuwa amesimama, mikono mbele. Bibi alishtuka, maji yakamwagika shukani.

"Una wazimu wewe mtoto?" mama alifoka.

"Asinywe, mama! Chujio ni chafu. Nimelitumia kuchujia minyoo wa mtaroni. Tangu Jumatano. Jana sikuliosha!" Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Minyoo wa shangazi walikufa. Mimi ndiye niliyewaua, niliwajazia mkate. Nikaenda mtaroni, nikatumia chujio la jikoni. Puto alikunywa jana, na juzi pia. Wako tumboni mwake, mama! Minyoo wako tumboni mwake!"

Nesi alikuwa ameshatoka mbio, na sasa alirudi na daktari. Chapuchapu alirudia yote, huku kwikwi zikimkatakata. Mama alimpokonya bibi kikombe, akakikamata kwa mikono miwili.

"Mtaro gani?" daktari aliuliza. Sauti yake haikuwa na hasira; ilikuwa na kazi.

"Wa nyuma ya soko. Unaopita chini ya mabomba ya vyoo."

"Na alikunywa lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni."

"Vizuri. Nimepata nilichokuwa nakitafuta." Daktari alimgeukia nesi. "Choo chake kipelekwe maabara sasa hivi, waambie ni maji ya mtaro wa vyoo. Na dawa tunabadilisha, hatungoji kesho." Kisha akamshika Chapuchapu bega. "Nisikilize. Minyoo wale ni chakula cha samaki, hawawezi kuishi tumboni mwa mtu. Futa picha hiyo kichwani. Vilivyomwangusha mdogo wako ni vijidudu vya kinyesi vilivyomo kwenye tope. Hivyo havionekani kwa macho, ndiyo maana ni vibaya kuliko minyoo. Lakini vina dawa, mradi daktari aambiwe."

Chapuchapu alikaa sakafuni alipokuwa amesimama. Tangu asubuhi alikuwa ameogopa kitu ambacho hakikuwepo, na akakificha kilichokuwepo.

"Nawe, bibi, umeyaonja maji hayo?" daktari aliuliza.

"Vijiko viwili," bibi alisema, uso umemshuka. "Nilikuwa napima sukari."

"Basi na wewe kaa karibu. Tumbo likianza kuongea, usingoje litoe hotuba."

Bibi hakucheka. Jioni tumbo lake liliongea kweli, naye akapewa kitanda cha wodi ya pili. Chapuchapu alikuwa akikimbia kati ya vitanda viwili na chupa za maji ya chumvi na sukari aliyochanganya nesi, kijiko kwa Puto, kijiko kwa bibi. Mama hakuzungumza naye mpaka Jumapili asubuhi, Puto alipofumbua macho, akatazama dirishani na kusema ana njaa. Hapo mama alikaa kwenye benchi, akalia. Kisha akamvuta Chapuchapu karibu yake.

"Jana nilitaka kukupiga," alisema. "Mkono niliuzuia kwa nguvu. Daktari alikuuliza, ukamtazama, ukasema hapana. Mtoto anateketea mbele yako."

"Niliogopa, mama."

"Najua uliogopa. Mimi pia niliogopa. Lakini mimi sikujua naogopa nini, na wewe ulijua."

Chapuchapu alichukua kijiko, akaenda kumnywesha Puto.

Shangazi alirudi Jumapili hiyo mchana, moja kwa moja kutoka kituoni hadi hospitalini, mfuko wa vifaa ungali begani. Alikuwa ameshasikia. Aliwajulia hali wagonjwa wake wawili, kisha akamwambia Chapuchapu, "Twende nyumbani."

Chapuchapu alitembea hatua mbili nyuma yake, na kila hatua aliiona kama ya kwenda kusomewa hukumu. Chumbani, tangi la tano lilikuwa na ukungu. Uchafu wa mtaroni ulikuwa umeingia humo pia: vifaranga wengi walielea juu, miili yao imevikwa utando mweupe kama pamba. Shangazi aliwatoa kwa wavu, mmoja mmoja, akiwapanga kwenye gazeti. Thelathini na mmoja. Waliobaki hai walikuwa kumi na wawili, wamejibanza kwenye kona.

Kisha akavuta kasha, akafunua, akanusa, akafunika.

"Uliweka kiasi gani?"

"Nusu mkate."

"Hm." Shangazi alikaa sakafuni, akaegemea ukuta. "Unajua mimi nimeshaua makasha mangapi? Matatu. La kwanza nililianika juani, nikidhani minyoo wanapenda joto. La pili nililijaza maji. La tatu ni kama lako hili: mkate mwingi, kwa sababu ya uvivu wa kurudi kesho. Kila mfugaji ameua minyoo. Huo si msiba."

Chapuchapu aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Sasa niambie, jikoni mna mayai?"

"Mna."

"Ungenipigia Jumatano asubuhi, ningekwambia: chemsha yai, kisage kiini kwa vidole, uwape vifaranga chembe chembe. Wangevumilia mpaka nirudi. Basi. Ungekuwa umemaliza kabla ya kengele ya shule." Alilisukuma kasha kando. "Mkate ulioza kwa sababu ya haraka, na haraka hata watu wazima wanayo. Lakini waliolazwa kule hawakulazwa na mkate. Wamelazwa na mdomo uliofungwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Na wewe kilio kilikuwa hatua moja tu kutoka mlangoni."

Chapuchapu alilia, na shangazi akamwacha alie. Baadaye wakafanya kazi mpaka jua likaanza kushuka. Walimwaga udongo uliooza kwenye shimo la takataka. Waliosha tangi kwa chumvi na maji ya moto, wakawahamishia wale kumi na wawili kwenye maji safi, wakachemsha yai. Jikoni, chujio lilitupwa, na kila kikombe, sufuria na kijiko vikasuguliwa kwa sabuni na kumwagiwa maji yanayochemka. Chapuchapu alisugua polepole, kila pembe.

Puto na bibi walirudi nyumbani Jumanne. Jumamosi shangazi alimpa Chapuchapu kopo tupu lenye kifuniko kilichotobolewa.

"Mbegu nyingine ya minyoo, wachache wa kuanzia kasha jipya, tutaiomba kwa kinyozi. Yeye ndiye aliyenipa ya kwanza. Utakwenda peke yako. Akikuuliza wa kwanza walikufaje, utamweleza mwenyewe. Mimi sitampigia simu."

Kinyozi alikuwa na kibanda kando ya barabara, na nyuma ya pazia la kibanda alifuga samaki. Chapuchapu alimkuta ananyoa mteja, mashine inanguruma, watu wengine wawili wanangoja kwenye benchi. Akaeleza alichotumwa.

"Wamekufa wote?" kinyozi aliuliza bila kugeuka. "Kasha zima? Walikufaje?"

Watu wa kwenye benchi walimtazama. Jua lilikuwa kali barabarani, na neno moja jepesi lilimjia ulimini: joto. Joto limewaua. Nani angebisha?

Aliliacha neno hilo lipite.

"Niliwaua mimi," alisema. "Niliwawekea nusu mkate na maziwa kwa siku moja, kwa sababu nilikuwa na haraka. Wakaoza. Halafu nikaficha. Nikachukua minyoo wa mtaroni, nikawachuja kwa chujio la jikoni, na mdogo wangu akalazwa hospitali. Bibi yangu pia. Sasa wamepona."

Kinyozi alizima mashine. Mteja, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, aligeuka kiti kizima kumtazama.

"Nusu mkate," kinyozi alirudia.

"Ndiyo, mjomba."

Kinyozi alilichukua kopo lake, akapotea nyuma ya pazia. Chapuchapu alisubiri. Hakujua kama angerudi na minyoo au na maneno makali. Alirudi na kopo limejaa udongo mweusi wenye minyoo, uso una tabasamu.

"Unajua, binti," alisema, "mwaka huu wamekuja watu saba kuniomba mbegu mpya. Watu wazima, wenye ndevu zao. Wote saba waliniambia ni joto. Nikawapa, kwa sababu sina la kumfundisha mtu ambaye minyoo wake wameuawa na joto. Watano wamesharudi na makopo matupu." Alimwekea kopo mikononi, akalifunga kifuniko vizuri. "Aliyeniambia ni mkate, huyo namwambia apunguze mkate. Huyo hatarudi. Kosa ukilitaja kwa jina lake, mtu anaweza kukusaidia. Ukilipa jina la joto, utabaki nalo mwenyewe. Haya, nenda, na usikimbie. Humo ndani kuna viumbe."

Chapuchapu alishukuru, akalishika kopo kwa mikono miwili, akatembea.